Masafa, Awamu na Mpishano: Historia ya Maneno Yetu ya Redio Ikitazamwa Kutoka Mbozi Mission



Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu, yamkini wengi walitarajia nizungumzie fonolojia ya lugha za Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa ndiyo kazi niliyozeekea. Naomba radhi. Nitazungumzia redio, na ndani ya redio nitazungumzia jambo moja dogo lisiloonekana kwa macho: namna kipokezi kinavyohakikisha kwamba mawimbi mawili ya masafa yaleyale yamepishana kwa robo kamili ya mzunguko, si pungufu wala si zaidi. Kulitaja jambo hilo tuna maneno mawili, awamu na fezi. Dai langu ni kwamba neno la kwanza, ambalo ndilo tunalolihesabu kuwa rasmi, linamficha mwanafunzi kitu chenyewe, na la pili halimwambii chochote. Nakiri mapema kwamba katika kamati moja ya istilahi, ambayo sitaitaja, mimi mwenyewe niliwahi kunyoosha mkono kuliunga mkono hilo la kwanza. Kwa hiyo mhadhara huu ni historia, lakini pia ni kulipa deni.

Redio na Mbozi Mission

Mbozi Mission ni kituo cha Wamoravian kilichoanzishwa mwaka 1899 katika nchi ya Wanyiha na mmisionari wa Kijerumani, Traugott Bachmann. Kwa wageni, jina Mbozi humaanisha kimondo, yaani lile bonge la chuma na nikeli lenye uzito wa takriban tani 16 lililolala katika kilima cha Marengi, ambalo wenyeji walilijua kabla halijaingia katika maandishi ya wapimaji wa kikoloni mwaka 1930. Kwetu tuliokulia hapo, Mbozi ilikuwa kahawa, ukungu wa asubuhi, na kengele ya kanisa. Leo Wilaya ya Mbozi imo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016.

Bachmann alijifunza Kinyiha kwa bidii, na Agano Jipya la Kinyiha lilichapishwa mwaka 1913. Kinyiha, kwa hiyo, kilipata kitabu chake mapema. Kiswahili kilitufikia kwa njia nyingine nyingi: kwa utawala na shule, kwa barabara kuu iendayo Tunduma, kwa wanaume waliorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lupa, na baadaye kwa redio. Nisisitize hii ya mwisho. Barabara ilituletea Kiswahili cha wasafiri, chenye lafudhi mia moja. Redio ilituletea sauti ileile moja kila jioni, kutoka mji ulio umbali wa takriban kilometa 900 kwa barabara, ikitamka maneno ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuona vitu vinavyotajwa nayo. Nilijua neno bamvua miaka mingi kabla sijaiona bahari.

Sauti hiyo ilianza kurushwa mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi wa rika langu bado tunaiita RTD kana kwamba haijabadilika. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua redio ya transista mwanzoni mwa miaka ya 1970. Betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari moja au mbili. Mwaka 1973 redio za namna hiyo ndizo zilizokusanya watu chini ya miti kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo nchini kote ilihusisha takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Wanaisimu tumeandika mengi kuhusu lugha ya vipindi vile. Tumeandika machache mno kuhusu lugha ya chombo chenyewe.

Masafa: neno lililogeuka

Tuanze na neno ambalo kila msikilizaji alilijua. Mtangazaji alisema: tunakutangazieni kupitia masafa mafupi, mita bendi kadha wa kadha. Masafa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni umbali. Aliyelichagua alichagua vizuri sana, maana mawimbi ya redio hutofautiana kwa umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine. Wimbi la masafa mafupi ni lile ambalo vilele vyake vimekaribiana, na wimbi la mita bendi 50 ni lile ambalo vilele vyake vimeachana kwa takriban meta 50. Neno na kitu vilikuwa vimeshikana mkono.

Kisha redio za FM zikaenea mijini katika miaka ya 1990, na watangazaji wakaacha kuhesabu meta wakaanza kuhesabu megahezi. Hezi haipimi umbali. Inahesabu idadi ya mizunguko katika sekunde moja. Lakini neno halikubadilika. Tukaanza kusikia masafa ya megahezi 90 au 100, na baadaye masafa ya juu na masafa ya chini. Tazameni kilichotokea: vilele vikikaribiana zaidi, idadi ya mizunguko kwa sekunde huongezeka, kwa hiyo masafa yakiwa mafupi kwa maana ya zamani yanakuwa ya juu kwa maana mpya. Neno moja limebeba kipimo na kinyume chake, na leo linatumika kwa maana zote mbili katika sentensi za watu walewale. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma kwamba masafa mafupi yana masafa makubwa anadhani mwandishi amekosea.

Sisemi neno hilo lifutwe. Lugha hailazimiki kuwa na mantiki ya kitabu cha hesabu, nasi tumeishi na masafa bila kufa. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi istilahi inavyoweza kuenea nchi nzima, ikazoeleka, ikapendeza sikioni, huku ikiwa imeshauachia mkono wa kitu ilichozaliwa kukitaja.

Pacha wa kituo

Palikuwa na fundi redio karibu na kituo cha misheni, mzee mpole aliyekuwa na meza moja, pasi ya kuchomelea iliyopashwa kwa jiko la mkaa, na kopo la skrubu. Yeye ndiye aliyenifundisha, bila kujua kwamba anafundisha, kwamba redio husema uongo. Kituo chenye nguvu katika masafa mafupi, aliniambia, utakikuta mahali pawili kwenye kipimo: mahali pake, na pengine chini kidogo. Huyo wa pili ni pacha wake, usimwamini.

Miaka mingi baadaye nilielewa. Redio zetu zote zilikuwa za aina ya superheterodaini, mpango uliobuniwa na Mmarekani Edwin Armstrong mwaka 1918. Redio hiyo hutengeneza wimbi lake la ndani, hulichanganya na wimbi linaloingia, na kutokana na tofauti yake hupata wimbi la tatu ambalo daima huwa na kilohezi zilezile, kwa kawaida 455. Hilo la tatu ndilo linalochujwa na kukuzwa. Vichujio vyake vilikuwa vile vikopo vidogo vya bati vyenye vichwa vya rangi, njano, cheupe na cheusi, ambavyo fundi alikataza mtu yeyote asiviguse kwa bisibisi. Lakini tofauti ya 455 inaweza kupatikana kwa njia mbili, kutoka juu ya wimbi la ndani na kutoka chini yake. Kwa hiyo kituo cha kilohezi 6,000 husikika pia mshale ukiwa kwenye 5,090, tofauti ikiwa ni 455 mara mbili. Vitabu humwita huyo taswira. Fundi wetu alimwita pacha, nami bado naona alilitaja vizuri zaidi.

Hapa pana mgongano mwingine wa maneno. Lile wimbi la tatu, lililo katikati ya antena na sauti, mtafsiri mwaminifu angeliita masafa ya kati. Bahati mbaya jina hilo limekwisha kuchukuliwa: masafa ya kati ndiyo jina la bendi iliyo baina ya masafa mafupi na masafa marefu. Mafundi waliliona tatizo kabla yetu wakakataa kutafsiri. Wao husema aiefu.

Kipokezi kisicho na hatua ya kati

Sasa tufike kwenye kiini. Ipo njia nyingine ya kutengeneza redio, nayo kimawazo ni rahisi zaidi. Badala ya kuwa na wimbi la ndani linalotofautiana na lile linaloingia, lifanye lilingane nalo kabisa. Tofauti ya masafa itakuwa sifuri, na kinachobaki ni sauti yenyewe. Hakuna hatua ya kati, hakuna vikopo vyenye vichwa vya rangi. Mwingereza F. M. Colebrook aliandika kuhusu mpango huu mwaka 1924 akauita homodaini. Mwaka 1947 mwenzake D. G. Tucker aliuboresha akauita sinkrodaini. Nitauita hapa upokezi wa moja kwa moja.

Kwa nini basi haukutawala? Kwa sababu ya pacha, ambaye hapa hakimbiliki. Katika superheterodaini pacha hukaa mbali, kilohezi 910 kutoka kwa mwenzake, na kichujio kizuri humzuia mlangoni. Katika upokezi wa moja kwa moja pacha hukaa ubavuni. Kilichoko juu kidogo ya wimbi la ndani na kilichoko chini yake kwa kiasi hicho hicho hukunjwa na kulaliana, kama karatasi nyembamba iliyoandikwa pande zote mbili unapojaribu kuisoma ukiielekeza kwenye taa. Chukueni mfano wa redio za upepo ambazo hospitali na misheni nyingi za Tanzania zilitumia kuitana kabla ya simu. Sauti katika mawasiliano ya namna ile mara nyingi hurushwa upande mmoja tu wa wimbi, ili nafasi itoshe watu wengi. Mpokee mtu huyo kwa mpango wa moja kwa moja, nawe utamsikia pamoja na jirani anayezungumza upande wa pili, wote wawili kwa wakati mmoja.

Dawa ilitokana na wazo ambalo Ralph Hartley, Mmarekani, alilipatia hataza mwaka 1928. Ligawe wimbi linaloingia katika njia mbili. Katika njia ya kwanza lichanganye na wimbi la ndani. Katika njia ya pili lichanganye na wimbi lilelile la ndani, ila likiwa limecheleweshwa kwa robo ya mzunguko, yaani digrii 90. Kila njia peke yake imechanganyikiwa, haijui juu wala chini. Lakini zikilinganishwa, hujulikana: kwa kilichotoka juu, njia ya kwanza hufuata nyuma ya ile ya pili, kwa kilichotoka chini, huitangulia. Ichelewesheni tena mojawapo kwa robo nyingine, zijumlisheni, na upande mmoja unajifuta wenyewe. Mwaka 1956 Donald Weaver alipendekeza njia nyingine inayokwepa sehemu ngumu ya ucheleweshaji huo wa pili, na mwaka 1973 Michael Gingell alieleza mtandao wa vizuizi na kapasita unaoufanya kwa ustahimilivu zaidi. Sitaingia ndani ya kazi hizo. Ninachotaka mshike ni kwamba kila kitu kinategemea ile robo kuwa robo.

Digrii moja

Ikosee robo hiyo kwa digrii tano, huku nguvu za njia mbili zikiwa sawa, na pacha atabaki na takriban sehemu moja ya 23 ya ukubwa wake, yaani desibeli 27 chini. Utamsikia akinong'ona. Ikosee kwa digrii moja, atabaki na sehemu moja ya 115, desibeli 41. Kwa kosa la sehemu moja ya kumi ya digrii, hufikia desibeli 61. Na si robo pekee inayohitaji ulinzi: njia mbili zikitofautiana nguvu kwa asilimia moja tu, pacha hatashuka zaidi ya desibeli 46 hata robo ikiwa kamilifu.

Digrii moja ni kitu gani hasa? Katika wimbi la megahezi 6, lenye urefu wa meta 50, digrii moja ni sentimita 14 hivi, urefu wa penseli. Fundi wetu angeweza kuipima kwa rula. Katika wimbi la megahezi 900, kama lile la simu za mkononi, mzunguko mzima ni sentimita 33, na digrii moja haifiki milimita moja. Kwa wakati, ni pikosekunde tatu. Waya mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake kwa unene wa kucha, tayari umekosea.

Ndiyo maana mpango wa mwaka 1924 ulisubiri hadi miaka ya 1990. Ilibidi njia zote mbili zichorwe juu ya kipande kimoja cha silikoni, zikiwa mapacha halisi waliolala kitanda kimoja, zikipata joto sawa na kuzeeka pamoja. Na wimbi la ndani halicheleweshwi tena kwa waya. Hutengenezwa likiwa na kasi maradufu, kisha hugawanywa kwa mbili, na mgawanyo huo wenyewe hutoa mawimbi mawili yaliyopishana kwa robo, mradi nusu ya juu na nusu ya chini ya wimbi la asili ziwe sawa. Kosa linalobaki hushughulikiwa na hesabu. Mikondo miwili iliyopishana kwa robo kamili, ikizidishwa na kutafutiwa wastani, hutoa sifuri. Wastani ukiwa si sifuri, umeshalipata kosa pamoja na kiasi chake, na kompyuta ndogo iliyomo ndani hulitoa. Mwaka 1995 mhandisi Asad Abidi aliandika makala iliyosomwa sana kuhusu vipokezi hivi kwa mawasiliano ya kidijitali. Miaka hiyohiyo ndipo simu za mkononi zilipoanza kuingia Tanzania. Leo upokezi wa moja kwa moja, pamoja na ndugu zake wa karibu wanaotegemea robo hiyohiyo, ndio umo katika simu karibu zote zinazouzwa Vwawa, Mlowo na Tunduma.

Awamu, fezi na kinu

Nirejee sasa kwenye deni langu. Kazi ya kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili ina historia ya heshima. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970, na mwaka 1990 taasisi hiyo ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hiyo iliharakishwa na matumaini: mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikutekeleza. Istilahi zikabaki kama nguo mpya za arusi iliyoahirishwa, na kwa kuwa hazikuvaliwa, hakuna aliyegundua zipi zinabana.

Awamu inabana. Katika Kiswahili cha kila siku awamu ni kipindi au hatua katika mfuatano. Serikali ya Awamu ya Kwanza iliondoka ndipo ya Pili ikaja. Ujenzi wa barabara una awamu tatu, na ya tatu haianzi kabla ya ya pili. Sifa yake kuu ni kwamba awamu mbili hazipo kwa wakati mmoja. Lakini jambo tunalolizungumzia hapa lipo pale tu mawimbi mawili yanapokuwepo kwa wakati mmoja, moja likipimwa dhidi ya mwenzake. Wimbi lililo peke yake halina cha kutangulia wala cha kuchelewea. Mwanafunzi anayesoma tofauti ya awamu hufikiria mambo mawili yaliyofuatana, akapotea kabla hajaanza. Nilipokuwa nanyoosha mkono sikuliona hilo. Nilitazama umbo la neno, nikaliona limekaa vizuri katika ngeli yake, basi.

Fezi ya mafundi umeme ni neno la kukopa lisilo na hatia. Lakini kwao limekuwa jina la waya: umeme wa fezi moja, umeme wa fezi tatu, fezi imekatika. Ukimwuliza fundi hodari fezi tatu zinatofautiana kwa nini, mara nyingi atakwambia kwa rangi ya waya.

Wakati huohuo kitu chenyewe tulikuwa nacho uani. Nimetwanga mahindi Mbozi tangu nina miaka minane. Mtu mmoja akitwanga ni kazi tu. Wawili wakitwanga katika kinu kimoja lazima wapishane: wangu ukishuka, wako uko juu, nusu kamili ya mzunguko. Tulipokuwa watatu, mimi, dada yangu na shangazi, kila mmoja alimwacha mwenzake kwa theluthi, na ndio umeme wa fezi tatu huo. Mwendo wa michi yote ni uleule. Hiyo ndiyo masafa kwa maana ya leo. Nguvu ya kila mkono ni jambo jingine. Kilichozuia michi isigongane si mwendo wala nguvu. Shangazi alipoona nachelewa hakusema twanga haraka, maana haraka ingeharibu mwendo. Alisema: usimwingilie mwenzio. Alikuwa akirekebisha kitu cha tatu, ambacho hupimwa kwa kulinganisha tu.

Kitu hicho cha tatu, napendekeza, ni mpishano. Kitenzi pishana kinabeba kauli ya kutendana ndani yake, kwa hiyo hakiruhusu mtu afikirie wimbi moja. Mpishano wa nusu, mpishano wa theluthi, mpishano wa robo: kila mmoja unasomeka bila mwalimu. Na badala ya usahihi wa awamu, usahihi wa mpishano. Najua pingamizi: pishana pia humaanisha kukosana njiani. Sawa. Lakini hata hapo wapo wawili.

Maji mafu

Wenzangu wa pwani wataniuliza kwa nini nakwenda kutafuta kinu cha bara ilhali bahari iko mlangoni. Wana haki. Bamvua ni yale maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni yale yasiyojaa sana wala kupwa sana. Wavuvi wameyahesabu kwa mwezi karne nyingi. Kinachofanyika ni mawimbi mawili ya bahari, moja la mwezi na moja la jua, kujumlishana: yakilingana tunapata bamvua, yakipingana tunapata maji mafu. Na kwa kuwa nguvu ya jua juu ya maji ni karibu nusu tu ya ile ya mwezi, hata yakipingana kabisa bahari haitulii tuli. Ndivyo hasa pacha anavyokataa kufutika pale njia mbili zinapotofautiana nguvu. Sijui lugha nyingine nyingi zenye maneno mafupi na ya kawaida namna hii kwa mambo hayo mawili.

Bamvua na maji mafu ndivyo vilivyokuwa vikiitokea pia redio ya baba. Usiku kituo kilifika Mbozi kwa kuakisiwa na tabaka la juu la anga, kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo zilibadilika urefu dakika hadi dakika. Yakilingana, sauti ilijaa chumba. Yakipingana, ilizama katikati ya neno, kisha ikarudi. Tuliinua redio, tukaigeuza, tukampa mtoto mdogo aishike. Nilijua neno bamvua, nilikuwa naisikia bamvua yenyewe ikija na kuondoka ndani ya sauti iliyolitamka, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuniambia kwamba ni kitu kimoja.

Tahadhari moja kwa wanafunzi. Maji mafu huja mwezi ukiwa robo, na mwingine atakimbilia kusema kwamba huo ndio mpishano wa robo wa kipokezi. Sivyo. Maji hujaa karibu mara mbili kwa siku, kwa hiyo robo ya duara la mwezi ni nusu ya mzunguko wa maji. Mpishano daima hudai swali: robo ya mzunguko upi?

Meza ya fundi, Tunduma

Istilahi nyingine zimefaulu, na inafaa tujiulize kwa nini. Wakati televisheni za analojia zilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, watu walihitaji jina la kile kisanduku kipya. Wataalamu walikuwa na kisimbuzi; mtaa ukachukua king'amuzi. Kila mtu anajua kung'amua ni nini. Nalo neno hilo ni sahihi kuliko wauzaji wanavyojua, maana katika matangazo ya setilaiti ya mpango wa kawaida ujumbe wenyewe hubebwa na mpishano: wimbi husukumwa katika nafasi nne zilizoachana kwa robo, na kila nafasi ina maana yake. Kisanduku kinang'amua ni nafasi ipi. Mipishano ikiyumba, picha huvunjika vipande.

Mwaka jana nilisimama Tunduma kutengeneza simu iliyokuwa haishiki mtandao. Kijana wa duka, aliyefika kidato cha nne, aliniambia: Shikamoo mama, hii aisii ya mtandao imekufa, tunabadilisha. Nilimwuliza ndani ya aisii hiyo mna nini. Akacheka. Mama, humo hawaingii watu. Kwa kuwa kazi ingechukua muda, nilimwomba kalamu nikamchorea njia mbili na robo, nikitumia neno awamu. Alitikisa kichwa kwa adabu. Nikaanza upya na kinu na michi miwili. Akaniachia nimalize, kisha akauliza: sasa mama, wa pili akichelewa kidogo tu, yule wa upande wa chini anarudi kiasi gani? Hilo ndilo swali ambalo wahandisi wamekuwa wakilishughulikia tangu mwaka 1928, na aliliuliza akiwa na bisibisi mkononi. Nilimwandikia zile namba, digrii tano, moja, na sehemu ya kumi, nyuma ya risiti yangu. Aliibandika ukutani, kando ya bei za vioo.